Shajara ya HBB: kuisaka herufi moja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeshakubali, hakuna kurudi nyuma. Mwishoni mwa Aprili kuna darasa la siku moja kwa wataalamu wa maabara kumi na wawili. Wote wanapima selimundu mwaka mzima, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona jeni yenyewe. Wanauona mstari wa S, hemoglobini ya selimundu, kwenye elektroforesisi (kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme), wanaandika majibu, mgonjwa anaondoka. Nimeombwa niwaonyeshe kilichopo nyuma ya ule mstari: jeni ya HBB inayotoa mnyororo wa beta wa hemoglobini, herufi zake, na inafanya kazi wapi mwilini, kwa data ambazo yeyote mwenye bando anaweza kuzipakua.

Nimewaza skripti moja ya Python. Kila hazina ya data itaulizwa swali moja tu: ile herufi inayoleta selimundu, kwako iko wapi? Majibu yakipishana, skripti ipige kelele. Nimemwambia mke wangu ni kazi ya wiki moja. Amecheka, ananijua.

Kila hazina ina jina lake kwa jeni hii, na vitambulisho naviweka hapa nisije nikavitafuta kila siku. NCBI inaiita jeni namba 3043. Ensembl inaiita ENSG00000244734. Protini yake UniProt ni P68871, mRNA (nakala ya jeni inayotafsiriwa kuwa protini) ni NM_000518, na badiliko lenyewe ni rs334. Makazi: kromosomu 11, mkono mfupi, eneo la 11p15.4.

Jumatano, 5 Machi

Baada ya futari, kuhesabu.

HBB ni kajeni kafupi. Kutoka mwanzo hadi mwisho ni herufi 1,608, wakati DMD, jeni ya misuli, inapita milioni 2. Ndani yake kuna eksoni tatu (vipande vinavyobaki) na introni mbili (vinavyokatwa), moja ya herufi 130 na nyingine ya 850. Introni zikikatwa inabaki mRNA ya herufi 628. Kati ya hizo, 444 ndizo zinazotafsiriwa kuwa protini: kodoni 148, yaani herufi tatu tatu, ya mwisho ikiwa amri ya kusimama. Zinabaki asidi amino 147, na methionini ya mwanzo huondolewa kiwandani, kwa hiyo mnyororo wa beta unaotembea kwenye damu una 146. Nimejumlisha mara mbili: 628 na 130 na 850 ni 1,608. Hadi hapo NCBI haijanidanganya.

Kodoni tisa za kwanza nimezichapa kwa herufi kubwa nikazibandika ukutani:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG

Ya saba, GAG, ikigeuka GTG, glutamati inakuwa valini na hemoglobini inakuwa S. Basi. Herufi moja kati ya 1,608.

Hapo hapo nikajikwaa. Kuna mzee wetu mmoja wa benchi, kastaafu lakini bado anapitapita kutusalimia. Nilimwamkia, nikamwonyesha karatasi yangu, akaweka kidole kwenye namba: "Kijana wangu, sisi tulifundishwa ni ya sita." Nikamwambia mzee, kompyuta inasema ya saba. "Basi kompyuta imejumlisha na mlango." Na kweli, ndivyo ilivyo. Wa zamani walihesabu protini iliyokamilika, methionini ikiwa imeshaondoka, wakaandika Glu6Val, yaani glutamati ya 6 kuwa valini. Wa sasa wanahesabu kuanzia ATG, wanaandika Glu7Val.

Ingekuwa tofauti ya majina tu nisingepoteza wino. Tatizo ni kwamba glutamati zipo mbili, zimekaa bega kwa bega, GAG na GAG. Ukichukua "7" ya leo ukaiweka kwenye hesabu ya jana, unaangukia glutamati ya pili. Skripti inakagua: je, hapa pana glutamati? Ndiyo, ipo. Inanyamaza. Umeshabadilisha asidi amino isiyohusika na hakuna kengele iliyolia. Nimeamua kila jibu litolewe na vyote vitatu pamoja: Glu6Val ya vitabu vya zamani, Glu7Val ya sasa, na c.20A>T, maana herufi ya ishirini kutoka kwenye A ya ATG haina ubishi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku imekwenda bure, au karibu bure.

Nilikuwa na faili la VCF la mazoezi, orodha ya herufi za DNA zilizobadilika. Nikaiambia skripti itafute kwenye kromosomu 11 mahali ambapo A imegeuka T. Haikuona kitu. Nikapanua eneo, bado. Nikadhani faili bovu, nikalipakua upya kwa bando la wiki nzima. Bado. Saa kumi jioni, njaa imenikaba, nikafungua faili kwa macho yangu:

11   5227002   rs334   T   A

Ilikuwa pale pale muda wote. DNA ina nyuzi mbili, na jeni ya HBB imeandikwa kwenye uzi hasi. Jenomu rejea, ile nakala ambayo wote tunalinganisha nayo, huandikwa kwa uzi chanya, kushoto kwenda kulia, na HBB inasomwa kulia kwenda kushoto, kama khati ya Kiarabu. Juu ya hapo, kila herufi imebadilishwa na mwenzake: A kwa T, C kwa G. Zile kodoni zangu za ukutani, kwenye jenomu rejea zinasomeka hivi:

CTTCTCCTCAGGAGTCAGATGCACCAT

Anza mwisho, rudi nyuma, badilisha kila herufi na mwenzake, utaiona ATG GTG CAT ikijitokeza. Zoezi hili nitawapa darasani kwa kalamu na karatasi, bila kompyuta. Akifanya mara moja kwa mkono mtu hasahau.

Ila nilipokuwa navunja funga ndipo nilipoona shimo lenyewe. Mabadiliko mengi ya herufi moja yanajilinda: ukisoma A/G kwenye uzi usio wake utaona T/C, na hapo utajua umekosea. Hili ni A na T, wawili wanaooana wenyewe kwa wenyewe. Ukigeuza uzi, A/T inabaki A/T. Faili lisiloeleza limeandikwa kwa uzi upi haliwezi kukuambia nani mgonjwa na nani mzima. Linaweza kukupa kila mmoja kwa jina la mwenzake.

Na kuna baya kuliko hilo. Kwa uzi chanya, herufi ya kawaida ni T na ya selimundu ni A. Mtu mwenye SS, aliyerithi kwa baba na kwa mama, ataandikwa A/A. Mtaalamu wa maabara aliyezoea kwamba AA (hemoglobini A kwa baba na kwa mama) ni mzima akiona "AA" atasema nini? Nimeandika sheria kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa: skripti isichapishe kamwe "AA" peke yake. Ama iandike "Hb AA", ama "herufi A/A, uzi chanya".

Jumatano, 12 Machi

Anwani mbili za nyumba moja. Mwenzangu kaniletea faili la zamani ambalo rs334 ipo kwenye namba 5,248,232. Langu linasema 5,227,002. Tofauti ni herufi 21,230 kamili, na ni ile ile kwa jeni nzima. Chanzo: faili lake limepangwa kwa toleo la zamani la jenomu rejea, GRCh37, langu kwa toleo jipya, GRCh38. Ukiichukua 5,227,002 ukaenda nayo kwenye GRCh37 umeshatoka kabisa ndani ya HBB.

Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa namba mpya za nyumba wakati mtaa mzima bado unatumia zile za zamani. Atabisha hodi, na mlango atafunguliwa. Hapo ndipo shida inapoanza.

Nimeongeza ukaguzi: kabla ya kusema lolote, skripti isome herufi 27 zinazoizunguka anwani hiyo na izilinganishe na zile za ukutani. Zisipolingana, isimame.

Mafaili ya BED, yanayoorodhesha maeneo ya jenomu, yanaanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo herufi hiyo hiyo inaandikwa 5227001 hadi 5227002. Nalitaja nipite.

Jumamosi, 15 Machi

Umeme hakuna toka asubuhi. Nimelala.

Jumatano, 19 Machi

Ukaguzi wa herufi 27 umefanya kazi kupita nilivyotaka. Nilipoiachia skripti kwenye kromosomu 11 yote, nikitegemea jibu moja, ikarudi na mawili. Moja HBB. La pili liko herufi 7,400 hivi kutoka hapo, ndani ya HBD.

Nilipaswa kulijua hili. Jeni za globini (protini zinazounda hemoglobini) za upande huu zimekaa mstari mmoja kama ndugu kwenye kiwanja cha urithi: HBE1 ya kiinitete, HBG2 na HBG1 za mtoto aliye tumboni, HBBP1 ambayo ni gofu tu haitoi protini, halafu HBD, halafu HBB. HBD ni pacha wa HBB aliyedumaa. Protini zao zinatofautiana kwa asidi amino 10 tu kati ya 146, na kodoni tisa za kwanza zinafanana herufi kwa herufi. Tofauti inaanza kwenye ya kumi: HBB inaandika TCT, HBD inaandika ACT. Hemoglobini inayotokana na HBD, A2, kwa mtu mzima ni asilimia 2 hadi 3 hivi, na kila aliyepima talasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa hemoglobini, anaifahamu.

Hii si habari ya kompyuta peke yake. Darasani tumepanga kuonyesha kwa macho: kuzalisha nakala nyingi za kipande cha HBB kwa PCR, kisha kukikata kwa kimeng'enya DdeI. DdeI hukata panapoandikwa CTNAG, N ikiwa herufi yoyote. Kwenye jeni ya kawaida, CCTGAGGAG, ndani yake imo CTGAG, kwa hiyo inakata. Kwenye S ni CCTGTGGAG, CTGAG haipo tena, kipande kinabaki kizima. Kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu, utaona mstari wa kipande kimoja kirefu badala ya vifupi viwili. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mashine ya mamilioni.

Sasa chukua praima (vipande vifupi vinavyoiambia PCR inakili wapi) zilizochaguliwa kivivu, zinazoshika HBB na HBD kwa pamoja. HBD ya mgonjwa wa SS bado ina CTGAG yake salama. DdeI itaikata. Kwenye jeli utaona mrefu na mifupi, utaandika AS, utamwambia mzazi mtoto wake ni mbebaji tu. Nimezipitisha praima zetu zote kwenye jenomu nzima usiku huu. Moja nimeitupa.

Jumatano, 26 Machi

Upande wa pili wa mradi: jeni inafanya kazi wapi. Herufi za HBB zimo kwenye kila seli ya mwili yenye kiini, hata ya ukucha unaoota. Kuandikwa si kusomwa.

Nimechukua jedwali la GTEx, data za tishu za watu wazima waliofariki Marekani. Kipimo chao cha RNA ya kila jeni ni TPM. Jambo la kwanza kuwaeleza darasani ni kwamba TPM ni mgawo. Jumla kwa kila sampuli ni 1,000,000, kama sinia moja la pilau ambalo jeni zote zinakula. Kwenye sampuli ya damu, HBB na ndugu zake HBA1 na HBA2 wa kromosomu 16 wanakaa na mikono yao mikubwa wanamaliza sehemu kubwa ya sinia, wengine wanaokota punje. Jeni fulani ikionekana imeshuka kwenye damu, huenda haikushuka, imenyimwa nafasi tu. Ndiyo maana maabara nyingi huondoa RNA ya globini kabla ya kusoma. Na ndiyo maana, ukikuta HBB iko chini kwenye data ya damu, soma kwanza maelezo ya jinsi sampuli zilivyoandaliwa kabla ya kutangaza ugunduzi.

Grafu ya HBB ina mambo. Damu iko juu mbinguni, hilo linatarajiwa. Lakini HBB inajitokeza pia kwenye wengu, kwenye mapafu, karibu kila mahali. Kijana anayenisaidia alifurahi sana: "Kaka, HBB inafanya kazi kwenye mapafu!" Nikamuuliza, ulishawahi kwenda buchani ukanunua pafu lisilo na damu? Akanyamaza, kisha akacheka. Sampuli ya tishu hubeba damu iliyokuwa ikipita humo. Kusema HBB haifanyi kazi popote nje ya ukoo wa seli nyekundu ni kukata moja kwa moja mno, lakini anayedai inafanya kazi mahali pengine ana mzigo wa kuthibitisha kwamba damu haikuingia.

Hata damu yenyewe haikutengenezea HBB mle mishipani. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini. RNA tunayoisoma ni mabaki yaliyomo kwenye retikulosaiti, zile changa zilizotoka kiwandani juzi. Kiwanda ni uboho, na uboho haumo kwenye tishu za GTEx.

HBA1 na HBA2 zimenisumbua kidogo. Zinatoa protini ile ile, kipande kifupi kilichosomwa hakijui kimetoka kwa nani, programu moja inagawa nusu kwa nusu na nyingine inavitupa vyote. Sitaingia huko, darasa ni la siku moja.

Jumatano, 2 Aprili

Iddi imepita, tumbo bado halijarudi kwenye ratiba.

Nilitaka mfano wa seli zinazohusiana na seli nyekundu, nikaenda kwenye K562. Seli hizi zilitokana na saratani ya damu miaka ya 1970, na data zake zimejaa mtandaoni. Nikauliza HBB. Karibu sifuri. Nikajua tayari, nimekosea uzi tena. Nikakagua kila kitu, hakuna kosa. Nikauliza HBG1 na HBG2: tele. HBE1: ipo.

K562 imekwama utotoni. Inatoa globini za kiinitete na za mtoto wa tumboni, ya mtu mzima haijaifikia. Nimeifurahia sifuri hii kuliko grafu zote, kwa sababu inaeleza kitu ambacho kila muuguzi wa kliniki anakijua. Mtoto wa SS anazaliwa mzima, ananyonya, ananenepa, na vidole kuvimba na maumivu vinakuja miezi kadhaa baadaye. Alipozaliwa damu yake ilijaa hemoglobini F, inayotumia HBG, na HBG haina kasoro. HBG inapozimwa taratibu na HBB kuchukua zamu, ndipo S inapojitokeza.

Anayezima ni protini BCL11A, jeni yake iko kromosomu 2. Dawa ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo huo, haigusi HBB hata kidogo. Inakata swichi inayoiwasha BCL11A kwenye seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, ili HBG irudi kazini. Herufi mbovu inabaki pale pale 5,227,002. Mdogo mdogo, nami nimeanza kuelewa kwa nini hidroksiurea, vidonge tunavyovijua sote, husaidia: nayo hupandisha hemoglobini F.

Jumatano, 9 Aprili

Nimetafuta watu wa kwetu kwenye data. Mradi wa 1000 Genomes wa kusoma jenomu za watu wa dunia, awamu ya tatu, una watu 2,504 kutoka jamii 26. Afrika Mashariki nzima inawakilishwa na Waluhya 99 wa Webuye, Kenya. Tanzania hakuna. Herufi ya S imo kwa hao Waluhya, kama mtu angetegemea kwa watu wa ukanda wa Ziwa. (Mafaili ya awamu hiyo ni ya GRCh37. Sheria ya 12 Machi imeniokoa.)

Inauma kidogo, kwa sababu mtu aliyeonyesha uhusiano wa herufi hii na malaria alikusanya damu huku kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima mwaka 1949 akaona wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye AS analindwa dhidi ya malaria. Jeni imeendelea kuwepo kwa sababu hiyo. Kwetu, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 wanaozaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na Muhimbili wanafuatilia wagonjwa kwa utaratibu tangu 2004. Halafu mtu akifungua faili la dunia anakutana na Waluhya 99.

Hili darasani nitalisema kwa sentensi mbili, nisije nikageuka mwanasiasa.

Alhamisi, 24 Aprili

Darasa limefanyika. Kumi na mmoja, mmoja alikuwa zamu.

Zoezi la kalamu lilichukua muda mara mbili ya nilivyopanga, na sijutii. Dada mmoja wa makamo aliyesema hajui kompyuta ndiye aliyemaliza kwanza, kwa sababu alianza kulia bila kuambiwa. Nilipomuuliza, akasema, "Si madrasa hiyo."

Kisha nikawawekea mstari mmoja kwenye skrini, makusudi, bila maelezo: sampuli ya kubuni, rs334, AA. Nikauliza huyu nani. Wakajibu kwa pamoja, "Mzima!" Nikaachia kidogo. Nikafungua mstari wa pili: uzi chanya, rejea T. Kimya. Yule dada akasema polepole, "Astaghfirullah, huyu ni SS." Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini skripti inachapisha maneno marefu.

Jeli ya DdeI ilitoka vizuri, mistari imesimama.

Swali lililonibana lilitoka nyuma, kwa kijana aliyekuwa kimya toka asubuhi: "Na mwenye SC, aliyerithi S kwa mmoja na C kwa mwingine?" Hemoglobini C ni ya Afrika Magharibi zaidi, huku kwetu ni nadra, nami sikuwa nimeigusa. Tukaifanyia kazi ubaoni. C ni jirani wa S ndani ya kodoni ile ile: herufi ya 19 badala ya 20, GAG inakuwa AAG. Ukiandika CCTAAGGAG, ndani yake imo CTAAG. N ni herufi yoyote, kwa hiyo DdeI inakata kama kawaida. Kwa jeli yetu, mtu wa SC anaonekana AS. Tumesimama pale ubaoni tukiiangalia jeli nzuri tuliyoisifu nusu saa iliyopita.

Usiku huu nimeongeza anwani ya pili kwenye skripti: 5,227,003, rejea C, badiliko T, uzi chanya, Hb C. Na kwenye maelezo ya jeli, chini ya neno AS, nimeandika: rudia kwa elektroforesisi.